Asilimia ya nini, mita kutoka wapi: hesabu za nyumbani na za saiti kwa wakazi wa Arusha na Moshi

Kosa kwenye hesabu za kila siku mara chache huwa la kujumlisha au kuzidisha. Kazi hiyo simu ndogo ya tochi inaimudu. Kosa huwa limeshaingia kabla hujabonyeza namba ya kwanza: umechukua asilimia ya kitu kisicho chenyewe, au umeanza kupima mahali pasipo penyewe. Ndiyo maana kila hesabu hapa inaanza na swali moja kati ya mawili. Ikiwa ni asilimia, ni ya nini? Ikiwa ni mita, ni kutoka wapi hadi wapi?

Meseji ya LUKU

Chukua meseji ya umeme wa shilingi 10,000, ya siku ambayo hukukatwa kodi ya jengo wala deni. Ndani yake utakuta gharama ya umeme 8,196.72, VAT 18% 1,475.41, REA 3% 245.90 na EWURA 1% 81.97. Jumla ni 10,000 kamili.

Wengi hujumlisha 18, 3 na 1, wakapata 22, wakakata 22% ya 10,000 na kubaki na 7,800. Wakiona 8,196.72 wanadhani mfumo una hitilafu. Hauna. Ile 22% si ya hela uliyotoa mfukoni, ni ya gharama ya umeme wenyewe. Umeme ni 100%, tozo ni 22%, kwa hiyo 10,000 yako ni 122%. Ili kurudi kwenye 100% unagawanya kwa 1.22:

10,000 ÷ 1.22 = 8,196.72

Kwa mteja wa T1 (bei ya matumizi ya kawaida) anayelipa shilingi 292 kwa uniti, 8,196.72 ÷ 292 inatoa uniti 28.07. Ukitaka bei ya uniti ikiwa na tozo zote, zidisha: 292 × 1.22 = 356.24. Namba hii iweke kichwani, tutaihitaji tukifika bafuni. Uniti zikipungua ghafla kwa hela ileile, angalia kwanza mstari wa kodi ya jengo. Hiyo hukatwa kila mwezi kabla ya kitu kingine chochote, na asilimia zote huhesabiwa kwenye kinachobaki.

Njia ni hiyohiyo kwa risiti ya duka yenye VAT ndani. Bidhaa ya 118,000 ina VAT ya 18,000, kwa sababu 118,000 ÷ 1.18 = 100,000. Ukizidisha 118,000 kwa 18% unapata 21,240, na hapo umetoza kodi juu ya kodi.

Mfanyabiashara wa soko la Kilombero au la Memorial hukutana na mtego huu kila anapopanga bei. Umenunua shati 8,000, ukaliuza 10,000. Faida ni 2,000, ambayo ni 25% ya mtaji na vilevile 20% ya mauzo. Zote mbili ni kweli, ila usizichanganye kwenye daftari moja. Ukitaka 20% ya kila mauzo ibaki kama faida, gawanya mtaji kwa 0.80 upate 10,000. Ukizidisha mtaji kwa 1.20 utauza 9,600, na faida yako itakuwa 16.7% ya mauzo. Na ukipandisha bei 20% kisha ukampunguzia mteja 20%, hujarudi ulipoanza: 10,000 inakuwa 12,000, halafu 9,600. Ile 20% ya pili imekatwa kwenye namba kubwa zaidi.

Kwa mkopo, uliza swali moja tu kabla ya kusaini: riba ni ya mkopo wote au ya salio? Milioni moja kwa miezi 10, riba 3% kwa mwezi, ukirejesha 100,000 ya mtaji kila mwezi: riba ikihesabiwa kwenye mkopo wote ni 300,000, ikihesabiwa kwenye salio linalopungua ni 165,000. Kwenye tangazo zote zitaandikwa 3%.

Kahawa inayokauka

Hapa ndipo hesabu ya asilimia inapogombanisha watu. Kikundi kimemenya kahawa, kimeiosha na kupata kilo 1,000 za kahawa ya maganda yenye unyevu wa 52%. Inaanikwa kwenye vichanja hadi unyevu ufike 12%. Zitabaki kilo ngapi?

Jibu la haraka ni kwamba unyevu umeshuka kwa 40, basi zitabaki kilo 600. Mizani itasoma kama 545. Kilo 55 hazionekani, na mlinzi wa vichanja anaanza kuangaliwa vibaya.

Unyevu ni asilimia ya uzito wote wa wakati huo, na uzito huo unapungua kila maji yanapotoka. Ile 52% ni ya kilo 1,000. Ile 12% ni ya kilo zitakazobaki. Huwezi kuitoa moja kwenye nyingine kwa sababu si za kitu kimoja. Shika kile kisichobadilika, yaani kahawa kavu yenyewe:

Kavu: 1,000 × (100% − 52%) = kilo 480.
Mwisho: hizo kilo 480 ni 88% ya uzito mpya, kwa hiyo 480 ÷ 0.88 = kilo 545.

Kwa mahindi yaliyovunwa na unyevu wa 20% yakakaushwa hadi 13%, gunia la kilo 100 litabaki kilo 92 (80 ÷ 0.87). Kwa kutoa tu ungepata 93. Tofauti ni ndogo kwa sababu unyevu umeshuka kidogo, na ndiyo maana mtu anaweza kukosea kwenye mahindi miaka mingi bila kugundua, akaja kuumbuka kwenye kahawa. Pima unyevu kwa kipima unyevu mwanzo na mwisho, uandike namba zote mbili mbele ya wanakikundi kabla ya kupanda mizani.

Kuchanganya maji yenye floraidi

Wakazi wa upande wa Arumeru, Maji ya Chai na maeneo mengine kuzunguka Mlima Meru wanaijua floraidi kwa rangi ya kahawia kwenye meno. Inatokana na miamba na majivu ya volkano. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo huwezi kuipima kwa kuonja. Peleka maji maabara upate namba. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Tuseme kisima chako kina miligramu 6 kwa lita, na una maji ya mvua kwenye tanki ambayo kwa hesabu hii tunayachukua kuwa hayana floraidi. Gawanya kiwango unachotaka kwa kiwango cha kisima: 1.5 ÷ 6 = 0.25. Robo ya mchanganyiko itoke kisimani. Kwenye ndoo ya lita 20 weka lita 5 za kisima na lita 15 za mvua.

Kama unachanganya na maji ya chanzo kingine chenye floraidi kidogo, mathalani 0.4, toa hiyo 0.4 juu na chini: (1.5 − 0.4) ÷ (6 − 0.4) = 1.1 ÷ 5.6 = 0.196. Kwa lita 20 hiyo ni lita 3.9 za kisima, na kwa usalama chukua tatu na nusu. Mchanganyiko huu uwe wa kunywa na kupikia. Kufulia na kuosha vyombo tumia maji ya kisima yalivyo, maana maji ya mvua hayatoshi kwa kila kitu hadi masika yarudi.

Usitegemee kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila floraidi haipandi na mvuke, inabaki sufuriani. Lita 5 zenye miligramu 3 kwa lita zina miligramu 15 ndani yake. Zikichemka hadi zikabaki lita 4, miligramu ni zilezile 15, kwa hiyo sasa ni 3.75 kwa lita. Maji yamepungua 20%, floraidi kwa lita imepanda 25%. Chujio la mkaa wa mifupa linaiondoa kweli, ila mkaa huo hushiba na kuhitaji kubadilishwa, na ni maabara tu itakayokuambia umeshiba lini.

Tukiwa bado jikoni: maji huanza kuchemka kwa joto la chini zaidi kadiri unavyopanda mlima, takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300, kwa sababu hewa inayoyakandamiza juu inapungua. Arusha mjini, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni kama nyuzi 95. Moshi ni kama 97. Kileleni Uhuru, mita 5,895, ni karibu 80. Ndiyo maana maharage ya Arusha hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Tanga. Kuongeza moto hakusaidii. Maji yakishachemka hayapandi joto tena, yanageuka tu mvuke upesi zaidi. Punguza gesi hadi yachemke kidogokidogo chini ya mfuniko, au tumia sufuria la presha, ambalo kazi yake ndiyo hiyo ya kurudisha mkandamizo ulioukosa kwa kuishi mlimani.

Kona ya msingi kwenye kiwanja chenye mteremko

Fundi yeyote anaijua 3-4-5: pima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine, na kati ya alama hizo pakiwa mita 5 kona ni mraba. Ni sahihi kabisa. Tatizo ni udogo wake. Ukikosea sentimita 1 kwenye ile mita 5, ukuta wa mita 12 utakuwa umekwenda upande kwa sentimita 5 ukifika mwisho. Tumia pembetatu kubwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Nyumba ya mita 9 kwa 12 ina bahati, maana ulalo wake, yaani kona hadi kona ya mkabala, ni mita 15 kamili (81 + 144 = 225, na kipeuo cha pili cha 225 ni 15). Kosa lilelile la sentimita 1 kwenye ulalo huo linazaa chini ya sentimita 2 kwenye ukuta.

Kwa vipimo vingine: zidisha urefu kwa urefu, upana kwa upana, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Mita 11 kwa 8.5 ni 121 + 72.25 = 193.25, na kipeuo chake ni mita 13.90. Andika namba hiyo kwenye ramani kabla ya kwenda saiti.

Sasa kiwanja cha kweli cha Ilboru, Kibosho au Marangu. Kimeinama. Fundi anaweka kigingi cha kwanza juu, anavuta futikamba ikilala kwenye nyasi hadi mita 12, anapiga kigingi cha pili. Ardhi kati ya vigingi hivyo viwili imeshuka mita 2. Nyumba haitafuata mteremko, italala sawa na maji. Urefu wake wa kweli ni kipeuo cha pili cha 144 − 4, yaani mita 11.83. Sentimita 17 zimepotea. Kenchi zilizokatwa kwa mita 12 zitazidi, na chumba cha mwisho kitabanwa.

Baya zaidi, kupima ulalo hakutakuokoa. Kama mteremko unafuata upande mmoja wa nyumba, pande zote mbili zimepungua sawasawa na ulalo zote mbili zitalingana. Utaondoka saiti ukiwa na amani. Na kama mteremko unakata kiwanja kwa mshazari, jambo linakuwa gumu zaidi. Chukua msingi wa mita 10 kwa 10 uliopimwa juu ya nyasi, ulalo zote mbili zikisoma 14.14. Kona moja iko chini ya ile ya mkabala wake kwa mita 2. Ukiinua kuta kwa timazi, ulalo unaoshuka mteremko utakuwa kipeuo cha pili cha 200 − 4, yaani mita 14.00, na ule unaokatiza mteremko utabaki 14.14. Ulichopima kama mraba kimekuwa umbo lililosukumwa. Utakuja kuliona siku ya kupanga marumaru, mstari wa mwisho ukianza na kipande kinene na kuisha na chembamba.

Dawa ni kupima kwa usawa wa maji, si kwa usawa wa nyasi:

1. Chomeka nguzo nje ya kila kona, mita 1 hadi 1.5 kutoka pale ukuta utakapopita, ili uchimbaji usiziguse. Upande wa chini ziwe ndefu.
2. Chagua nguzo ya juu zaidi, weka alama kama sentimita 30 kutoka ardhini. Hamishia alama hiyo kwenye nguzo zote kwa mpira wa maji. Mpira uwe wa kuonyesha ndani, na ujaze taratibu kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa. Povu moja lililokwama ndani linatosha kukudanganya sentimita kadhaa, kwa hiyo kabla ya kuanza shikanisha ncha mbili pamoja: maji lazima yasimame sawa.
3. Pigilia mbao za profaili kwenye alama hizo, vuta kamba juu yake, na vipimo vyote, pamoja na ulalo, vichukuliwe kwenye kamba.
4. Kona za kamba zishushe ardhini kwa timazi. Subiri timazi litulie. Siku ya upepo lining'inize ndani ya ndoo yenye maji.

Kama huna mbao za kutosha, pima kwa ngazi: mita 3 au 4 kwa mkupuo, futikamba ikiwa imelala sawa kwa pima maji, timazi likishusha kila kituo. Ni kazi ya kuchosha lakini haidanganyi. Usivute mita 12 kwa mkupuo mmoja hewani, maana futikamba hulegea katikati na kusoma urefu usiokuwepo.

Zege la jamvi

Chumba cha mita 4 kwa 5, jamvi la sentimita 10: 4 × 5 × 0.10 = mita za ujazo 2 za zege lililomwagwa. Ukinunua mchanga na kokoto vya ujazo wa 2 utaishiwa kabla ya kufika mlangoni. Saruji hujaza nafasi kati ya chembe za mchanga, na mchanga hujaza nafasi kati ya kokoto, kwa hiyo vitu vikavu ni vingi kuliko zege linalotoka. Kanuni inayotumika ni kuongeza 54%: 2 × 1.54 = 3.08.

Kwa uwiano wa 1:2:4 gawanya kwa 7. Sehemu moja ni 0.44. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, kwa hiyo saruji ni 0.44 ÷ 0.035 = mifuko 12.6. Mchanga 0.88, kokoto 1.76. Ongeza 5% ya kumwagika, nunua mifuko 14.

Kipimo kinachokula saruji kuliko vyote ni kile kifupi, yaani unene. Kama kifusi hakikushindiliwa kikawa sawa, na wastani wa jamvi ukawa sentimita 12 badala ya 10, umeongeza 20%: mifuko 15 badala ya 12.6, kabla ya kumwagika. Pigilia vijiti vya usawa kila mita 2 na upime shimo kabla ya kuagiza.

Kwa ndoo za lita 20, mfuko mmoja huenda na ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo 7 za kokoto na lita 25 za maji. Maji yasizidi kwa sababu tu zege ni zito kukoroga. Kila lita ya ziada ikikauka inaacha matundu, na jamvi linatoa vumbi.

Mchanga mbichi una hila yake. Unyevu kidogo huzitenganisha chembe, ujazo unavimba, na ndoo inakuwa na mchanga mchache kuliko inavyoonekana. Pima hivi: chukua chombo cha kuonyesha chenye kuta zilizonyooka, tia mchanga bila kuushindilia hadi sentimita 20. Umwage pembeni, jaza maji nusu ya chombo, kisha rudisha mchanga wote huku unakoroga. Ukitulia, soma. Ukisimama kwenye 16, umevimba kwa 4 kati ya 16, yaani 25%. Si 4 kati ya 20. Mchanga halisi ni ule wa 16, na uvimbe unahesabiwa juu yake. Kwa mchanga huo, ndoo tatu na nusu ziwe karibu nne na nusu, na maji yapunguzwe maana mengine yamo tayari mchangani.

Tanki, presha na shawa

Ujazo wa tanki la duara hauhitaji kulipasua. Zungusha kamba, pima mzingo, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Mzingo wa mita 4.08 ni kipenyo cha mita 1.30, nusu yake 0.65. Eneo la duara ni 3.14 × 0.65 × 0.65 = mita za mraba 1.33. Hivyo kila sentimita ya kina ni lita 13.3. Ingiza kijiti usiku, weka alama, rudia alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Kikishuka sentimita 3, lita 40 zimevuja, na mara nyingi ni valvu ya choo.

Presha haijali ukubwa wa tanki. Tanki la lita 500 na la lita 5,000 yaliyo kwenye mnara mmoja, maji yakiwa kimo kimoja, hutoa presha ileile. Kinachohesabika ni kimo kutoka uso wa maji hadi tundu la bomba, na kila mita 10 ni kama bar 1. Watu hupima kutoka ardhini na hapo ndipo wanapokosea. Mnara wa mita 3 wenye tanki lililojaa hadi mita 1.4, shawa ikiwa mita 2.1 juu ya sakafu iliyo usawa mmoja na mguu wa mnara: 3 + 1.4 − 2.1 = mita 2.3, yaani bar 0.23. Tanki likikaribia kuisha inabaki mita 0.9, bar 0.09. Umepoteza 61% ya presha bila kugusa kitu. Soma kibao cha hita ya shawa. Kama inataka bar 0.2 ili iwake, sasa unajua kwa nini asubuhi inawaka na jioni haiwaki.

Mteremko uliokusumbua kwenye msingi sasa unakufaa. Ukiweka tanki upande wa juu wa kiwanja ulioinuka mita 2, umepata mita 2 bila nondo wala mbao. Mnara ukibaki wa mita 3, presha ya tanki tupu inapanda kutoka bar 0.09 hadi 0.29. Kumbuka pia lita 2,000 ni tani 2 kabla ya uzito wa tanki lenyewe.

Joto la shawa lina kanuni fupi:

kupanda kwa nyuzi = kilowati × 14.3 ÷ lita kwa dakika

Lita kwa dakika zipime kwa ndoo na saa ya simu. Hita ya kilowati 5 ikipitisha lita 4 kwa dakika inapandisha nyuzi 18. Maji ya bombani Arusha mwezi wa 7 yakiwa nyuzi 16, unaoga kwa 34, na hiyo ni baridi. Punguza koki hadi lita 3 kwa dakika: inapandisha nyuzi 24, unaoga kwa 40. Hita haijaharibika, haihitaji fundi. Ila usipunguze chini ya pale inapozima yenyewe.

Gharama: kilowati 5 kwa dakika 10 ni 5 × 10 ÷ 60 = uniti 0.83. Kwa ile 356.24 ni shilingi 297 kwa mtu mmoja. Watu 5 kila siku kwa siku 30 ni mara 150, uniti 125, zaidi ya shilingi 44,500. Kwa nyumba iliyo kwenye D1, yaani bei ya matumizi madogo ya nyumbani, ambayo unafuu wake unaishia uniti 75 kwa mwezi, shawa peke yake imeshavuka mpaka. Dakika 10 zikiwa 6, uniti zinashuka hadi 75.